Shajara ya gemu ya ngalawa: kutafuta pa kujifunzia grafiki

Januari, kuanza

Gemu ninayoitaka ni ndogo. Ngalawa moja, upepo mmoja, maboya matatu ya kuzunguka na saa inayohesabu. Mchezaji anaiona bahari kutoka juu. Mshale wa kushoto na wa kulia ni usukani. Wa juu na wa chini ni demani, yaani kamba ya tanga, kuvuta na kulegeza. Hakuna adui, hakuna hadithi, hakuna duka la kununulia tanga jipya.

Kazi inayonilisha ni kutengeneza mifumo ya mauzo na stoo, kwa hiyo msimbo siuogopi. Lakini huko kila kitu ni fomu na majedwali. Kuchora kitu kikatembea kwenye skrini ni fani nyingine kabisa, na ndiyo ninayoitafutia walimu. Mashine yangu ni laptopu ya mtumba ya mwaka 2011, prosesa ya Sandy Bridge, na grafiki ni Intel HD 3000 iliyomo humo humo ndani ya prosesa. Naitaja mapema kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoamua nusu ya vyanzo nilivyovishika na nilivyoviacha.

Januari, kupekua

Uliza popote pale pa kuanzia gemu na grafiki, utamwagiwa majina: Godot, Unity, Unreal, SDL, raylib, Pygame, LÖVE, OpenGL, Vulkan. Yote kwa pumzi moja, utadhani ni ladha tofauti za soda. Sivyo. Injini kama Godot inakuja na kihariri chake, fizikia, sauti na menyu. Wewe unaandika mwenendo wa gemu tu. Maktaba kama raylib au SDL inakufungulia dirisha, inakusomea kibodi, inakuchorea umbo ukiliomba, na mengine yote yako juu yako. OpenGL na Vulkan ziko chini zaidi: hapo unazungumza na kadi ya grafiki, na hata dirisha la kuchorea halimo, unalitafuta kwingine.

Ukishalijua hilo, orodha zinapungua zenyewe. Anayetaka gemu iingie sokoni mwaka huu aende kwenye injini, na kama mfuko umebana, aende Godot. Ilianzia Argentina kwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2014 kwa leseni huru ya MIT, na faili la kupakua ni la makumi ya megabaiti wakati wakubwa wenzake wanakula gigabaiti. Mafunzo yake rasmi yamenyooka kuliko video nyingi zinazoyarudia. Mimi sikukaa huko, na si kwa ubaya wake. Nataka kuona kinachotokea kati ya namba kubadilika na ngalawa kusogea, na kazi ya injini nzuri ni kukuondolea kero ya kukiona.

Vulkan niliifunga siku ile ile niliyoifungua. Ilitoka 2016, ina nguvu kweli, ila pembetatu ya kwanza tu inadai mamia ya mistari ya msimbo. Na HD 3000 haina hata dereva ya Vulkan, yaani programu ya kuiwezesha kadi kuielewa. Mjadala ukaishia hapo.

Januari, bado kupekua

Ukitafuta masomo ya OpenGL, tazama umri wa somo kabla ya kutazama uzuri wake. OpenGL ni ya 1992, kwa hiyo humo mtandaoni kuna masomo ya vizazi kadhaa yamelala pamoja. Ukiona `glBegin` na `glEnd`, ujue unapitishwa njia ya zamani, ile ya kuipelekea kadi ncha moja moja za pembetatu. Toleo la 3.0 la mwaka 2008 liliitangaza njia hiyo kuwa ya kuachwa, na katika OpenGL ya kisasa imeondolewa kabisa. Masomo ya NeHe, yaliyolea watu wengi waliomo kwenye fani leo, ni ya njia hiyo. Yanasomeka vizuri mpaka leo. Balaa ni kuyachanganya: nusu ya msimbo kutoka huku, nusu kutoka somo jipya, na skrini inabaki nyeusi bila neno.

Somo la kisasa linalotajwa na kila mtu, na safari hii kila mtu yuko sahihi, ni LearnOpenGL la Joey de Vries. Ni bure, ni maandishi, linakupeleka hatua kwa hatua: dirisha, pembetatu, sheda (programu ndogo za kadi), teksicha (picha za kupaka kwenye maumbo), kamera, mwanga. Lakini limejengwa juu ya OpenGL 3.3, na hapo ndipo mashine ya mtumba inapotoa sauti. Kwenye Windows, dereva ya Intel kwa HD 3000 inaishia 3.1. Kwenye Linux, kadi ile ile, kwa dereva za Mesa, inafika 3.3. Chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni programu tu. Anayemiliki laptopu ya umri huo asiitupe kabla hajaweka Linux kwenye flashi, akaiwasha nayo, akaandika `glxinfo | grep "core profile version"`. Namba itakayotoka itamwambia kama somo hilo ni lake au si lake.

Yangu ilitoka 3.3. Nikaishusha hazina yote ya msimbo wa somo kwa `git clone --depth 1`, ambayo inaacha historia na kuchukua hali ya leo tu. Kwa mtu wa bando hiyo si anasa.

Tukiwa kwenye bando: video. Handmade Hero ya Casey Muratori, iliyoanza 2014, ni mamia ya vipindi vya mtu kuandika gemu tangu mstari wa kwanza bila injini wala maktaba, huku akieleza kila anachofanya. Ni shule. Ni shule pia inayokula mamia ya megabaiti kwa kipindi kimoja, na vipindi haviishi. Nimevitazama vile vya mwanzo kwa bando la usiku na nikaviweka kando. Kwa huku kwetu, chanzo cha maandishi kina faida ambayo waandishi wa orodha za Ulaya na Marekani hawaifikirii: ukurasa ukishafunguka umefunguka, umeme ukikatika na mtandao ukienda nao, unaendelea kusoma kwa betri.

Februari, picha bila kadi

Kabla ya kugusa OpenGL nilitaka kutoa picha moja bila msaada wa mtu. Wazo hili nimelichukua kwa Peter Shirley, ambaye Ray Tracing in One Weekend yake ya 2016 inasomeka bure mtandaoni na inaanza pasipo maktaba yoyote. Anatumia PPM, aina ya faili la picha ambalo ni maandishi matupu. Fungua kihariri chochote, hata Notepad, andika hivi, uhifadhi kwa jina `a.ppm`:

P3
2 1
255
255 0 0
0 0 255

Hiyo ni picha. P3 ni alama ya aina ya faili, 2 na 1 ni upana na kimo, 255 ni kiwango cha juu cha rangi, halafu pikseli mbili: nyekundu na bluu. Ukiifungua kwa GIMP na kuikuza utaziona zimesimama ubavu kwa ubavu. Kutoka hapo, vitanzi viwili, kimoja ndani ya kingine, vinatosha kutoa picha ya pikseli 400 kwa 225, na ukiweka hesabu ya mwale kugonga tufe ndani ya vitanzi hivyo, unapata tufe.

Kitabu hicho nimekipenda kuliko vyote, na ningemwambia anayeanza grafiki aanze nacho hata kama gemu yake ni ya pande mbili na haina tufe hata moja. Hakidai kadi. Hakidai dereva. Ukikosea hesabu, picha yenyewe inakuonyesha: kivuli kimegeuka, tufe limekuwa yai. Unajifunza kusoma kosa kwa macho, na hilo hakuna somo la dirisha na kibodi linalokufundisha. Nimefika kwenye vioo na chuma nikasimama, maana ngalawa ilikuwa inaningoja.

Februari, raylib

Nimechagua raylib. Ramon Santamaria aliianza mwaka 2013 akifundisha utengenezaji wa gemu kwa wanafunzi wa sanaa, na unaona alama za darasa hilo kila mahali: majina ya fankisheni yanaeleweka, haitegemei kitu cha nje, na badala ya kitabu cha maelekezo kuna folda ya mifano, zaidi ya mia moja, kila mmoja programu kamili inayokompailika peke yake. Kikubwa kwangu: ukitaka inajengwa kwa OpenGL 2.1 au hata 1.1, kwa hiyo gemu itafunguka kwenye mashine mbovu kuliko hii.

Dirisha la bluu lilikuwa tayari kabla chai haijapoa. Ngalawa yenyewe ni maumbo machache: mwili mwembamba, marengu mawili, moja kila upande wa mwili, tanga la pembetatu. Tanga lilinifundisha kusoma maelezo ya fankisheni mpaka mwisho: `DrawTriangle` inataka ncha zake zitajwe kinyume cha saa. Ukizitaja kwa mwendo wa saa, pembetatu haionekani, na hakuna onyo, kwa sababu kadi inaichukulia kuwa imekupa mgongo. Jambo hilo hilo LearnOpenGL inalieleza kwenye sura yake ya kuondoa nyuso za nyuma, kwa undani kuliko utakaouhitaji.

Tena, y inakua ikishuka. Kona ya juu kushoto ni sifuri sifuri. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki kuelekea kusini-magharibi, kwa hiyo vekta yake kwenye skrini ni x hasi na y chanya. Nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza.

Februari mwishoni, daftari la hisabati

Orodha zote zinakutuma kasome aljebra ya mstari, na nyingi zinakutajia vitabu vya chuo kikuu. Nilichohitaji kilikuwa sebuleni. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, na daftari lake lina mada nzima ya matriksi na mageuzo: kugeuza nukta kwa pembe, kuakisi, kukuza.

"Kaka, hizi unazitakia nini na ulishamaliza shule?"

Nikamwonyesha. Ncha ya omo, yaani mbele ya ngalawa, iko kwenye (0, -40), omo ikitazama juu. Ukitaka chombo kigeuke kwa pembe θ, x mpya ni x·cos θ toa y·sin θ, na y mpya ni x·sin θ jumlisha y·cos θ. Kwa nyuzi 90 omo inatua kwenye (40, 0), yaani imetazama kulia. Kwenye daftari lake mzunguko chanya unakwenda kinyume cha saa; kwenye skrini, kwa kuwa y imepinduliwa, unakwenda na saa. Akashika karatasi, akahesabu ncha zote za tanga kwa nyuzi 30, tukazipachika kwenye msimbo, tanga likakaa pale pale alipolihesabu. Sijamwona akifanya hesabu kwa hiari siku nyingine.

Kinachokosekana kidato cha nne ni doti prodakti, ambayo wa mchepuo wa hisabati wanaikuta kidato cha tano na sita. Bila hiyo hakuna tanga. Unazidisha x kwa x, y kwa y, unajumlisha, na jibu linakuambia vekta moja imelalia nyingine kwa kiasi gani. Upepo ukilipiga tanga usoni, jibu ni kubwa. Ukipita sambamba na kitambaa, ni sifuri, na tanga linapwaya. Kwa hiyo: chukua upepo, toa mwendo wa chombo, kwa sababu upepo anaousikia nahodha si ule wa aliyesimama ufukweni, ufanyie doti prodakti na mshale unaotoka kwenye tanga kwa nyuzi 90, hiyo ndiyo nguvu. Kisha uifanyie tena na mwelekeo wa omo upate sehemu inayosukuma mbele. Sehemu inayosukuma ubavuni naipunguza sana, maana mwili na marengu vinaizuia.

Kwa kuyaelewa haya kwa macho, video za Grant Sanderson za aljebra ya mstari, zile za 3Blue1Brown za 2016, zinastahili bando lake. Hizo tu, kati ya video zote nilizozitaja.

Machi, mashine mbili

Niliijaribu gemu kwa makusudi kwenye kompyuta ya kazini, yenye nguvu, kisha kwenye laptopu yangu nikiwa nimeilemea na kivinjari chenye tabu kibao. Mwendo nilikuwa nimeshauzidisha kwa `GetFrameTime()`, yaani sekunde zilizopita tangu fremu (picha moja ya skrini) iliyotangulia, kama kila somo linavyoagiza. Hata hivyo ngalawa ya laptopu ilikuwa inateleza mbali zaidi upepo ukikata.

Chanzo kilikuwa msuguano wa maji. Kila fremu kasi ilizidishwa kwa 0.98. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, baada ya sekunde moja inabaki asilimia 30 hivi ya kasi. Kwenye fremu 20 inabaki karibu asilimia 67. Maji mepesi kwa maskini, mazito kwa tajiri. Masomo mengi ya wanaoanza yana mstari kama huo na hayasemi kitu.

Aliyelisema vizuri ni Glenn Fiedler, kwenye makala yake Fix Your Timestep!, ya 2004 na bado hakuna iliyoipiku. Fizikia inakwenda kwa hatua zisizobadilika, tuseme 1/60 ya sekunde. Muda halisi uliopita unauweka kwenye akiba. Kila akiba inapotosha hatua moja, unaipiga hatua hiyo na kupunguza akiba. Fremu ikichelewa ikachukua 1/20 ya sekunde, fizikia inapiga hatua tatu kabla ya kuchora mara moja. Mistari michache tu. Sasa ngalawa inafika boya la kwanza kwa muda ule ule kwenye mashine zote mbili.

Machi, barazani

Mzee jirani yetu alivua kwa ngalawa miaka yake yote ya nguvu. Jumapili nikampelekea laptopu barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hicho ndicho chombo chenyewe?"

Vidole vyake havikuzoea mishale, ila demani aliielewa mara moja, akailegeza upepo ulipokuja wa nyuma bila kuambiwa. Alipofika boya la pili akageuza omo moja kwa moja kuupita upepo, chombo kikakubali, akaniangalia.

"Hii ni boti ya mashine, mjukuu wangu. Ngalawa ukiipeleka hivyo inakufia pale pale, tanga limebamba mlingoti. Unaikimbiza na upepo kwanza, tezi ndiyo ipite, foromali uihamishe kwa mbele ya mlingoti, tanga lije upande wa pili. Ndiyo ushike bisho tena." Tezi ni nyuma ya chombo, foromali ni mti unaobeba tanga, na bisho ni kwenda mshazari dhidi ya upepo.

"Na hapo kati, babu, inakwenda?"

"Inakwenda kwa mwendo iliokuwa nao. Tanga halifanyi kazi."

Kwenye chanzo chochote cha gemu za mashua nilichokipata, matanga ni ya yoti za Ulaya, na yoti inapindua kwa kupitisha omo kwenye upepo. Hili lisingetoka kwingine isipokuwa barazani pale.

Kulitia kwenye msimbo nilisoma sura ya hali katika Game Programming Patterns ya Robert Nystrom, ya 2014, ambayo ameiweka yote mtandaoni bure. Tanga lina hali tatu: liko upande wa kulia, linahamishwa, liko upande wa kushoto. Likihamishwa, nguvu ni sifuri na demani haisikii. Badala ya vibadilika vya ndiyo na hapana vinavyogongana, kuna kimoja tu kinachosema tuko hali ipi. Sura hiyo inasomeka jioni moja. Sura ya kitanzi cha gemu iliyomo humo isomwe pamoja na Fiedler. Sura nyingine nimeziruka. Kwa gemu ya chombo kimoja ni dawa ya ugonjwa nisionao.

Aprili, maji

Bahari ya rangi moja imenichosha, kwa hiyo sheda. Sheda ya pikseli ni fankisheni fupi ambayo kadi inaiendesha kwa kila pikseli, zote pamoja. Dirisha la 1280 kwa 720 lina pikseli 921,600. Kwa fremu 60 ni zaidi ya mara milioni 55 kwa sekunde. Prosesa ingelia, kadi hata HD 3000 inamudu, mradi fankisheni iwe fupi.

Chanzo cha kuanzia ni The Book of Shaders ya Patricio Gonzalez Vivo na Jen Lowe: ndani ya kivinjari, unabadilisha namba na picha inabadilika hapo hapo. Soma sura za kuunda maumbo na za nasibu laini (noise). Ndizo zinazotoa mawimbi. Shadertoy, ya Inigo Quilez na Pol Jeremias, ni ya kutazama waliobobea, si ya kuanzia. Sheda nyingi za pale zinaidondosha laptopu yangu mpaka fremu unazihesabu kwa vidole, na mwandishi amebana msimbo mpaka haueleweki.

Jambo dogo lililoniokolea muda: mifano ya sheda ya raylib inakuja kwa matoleo matatu, kwenye folda `glsl330`, `glsl120` na `glsl100`. GLSL ni lugha ya kuandikia sheda, na ile ya 120 ni kwa OpenGL 2.1. Maji yangu nimeyaandika kwa hiyo: wimbi la sini mbili zinazopishana, nasibu laini kidogo, na mwelekeo unaotoka kwenye vekta ile ile ya upepo inayosukuma tanga, ili mchezaji asome upepo kwenye maji bila kutafuta mshale pembeni.

Aprili, hali ilivyo

Mzunguko wa maboya matatu unafanya kazi, saa inahesabu, kupindua ni kwa mtindo wa babu. Kusi imeingia, nimeongeza chaguo lake: y hasi. Hakuna sauti bado. Raylib inacheza WAV na OGG, ninachokosa ni rekodi ya tanga lenyewe, na hiyo naifuata baharini kwa simu.

Mdogo wangu anataka kuicheza kwenye simu yake, kupitia kivinjari. raylib inakompailika kwa Emscripten, programu inayogeuza msimbo wa C uendeshwe ndani ya kivinjari, kitanzi kikuu kinahitaji kubadilishwa kidogo, na sheda ya maji lazima iandikwe upya kwa GLSL 100. Folda ya mifano nimeshaifungua, naanza na usahihi wa desimali, ambao toleo hilo linataka utajwe wazi mwanzoni mwa faili.